Beseni la Fundi Pancha

Ulikuwa mwaka wa 1994, kiangazi kikiwa kimekomaa, na kwa wiki nzima wingu halikuwa limeonekana angani. Nje ya kituo cha polisi, mafundi wa mkandarasi mmoja tajiri walikuwa wakijenga ukuta mpya wa uzio, ambao mkandarasi alikuwa ameutoa bure kwa hisani yake. Ndani ya mahabusu ya kituo hichohicho alikaa dereva wa mkandarasi huyo, akingoja kufikishwa mahakamani keshokutwa kwa kosa la kumgonga mtu na kumwacha afe kando ya barabara kuu.

"Faili limekamilika," alisema Mkuu wa Kituo. "Tia sahihi tu, Bi Nukta."

Mpelelezi hakuishika kalamu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakukubali shauri lolote lifungwe kabla ya kila swali kujibiwa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na aliyasoma maelezo ya mashahidi kama mwalimu asomavyo insha, kidole kikifuata mstari.

"Nimelisoma," alisema. "Mkandarasi anaeleza kwamba yeye na dereva wake walikwenda mji wa viwanda na kurudi siku hiyohiyo. Wakati wa kurudi, jioni, yeye alikuwa kiti cha nyuma. Namnukuu: 'Jua lilikuwa linazama, likampiga dereva machoni. Akashusha kinga ya jua. Nikasikia kishindo. Nikamuuliza ni nini, akasema ni mbuzi.' Mkandarasi akaamini kuwa ni mbuzi, akaendelea kusinzia."

"Ndiyo hivyo. Na vipande vya taa vilivyookotwa barabarani ni vya gari lake."

"Na marehemu, yule fundi pancha wa barabara kuu, akakutwa na binti yake kesho yake adhuhuri, mtaroni kando ya kibanda chake, amekufa."

"Alilala pale usiku kucha, maskini. Sasa kimebaki nini?"

"Kimebaki alichosema dereva. Anasema hakuwemo garini. Anasema bosi wake alilala kulekule, yeye akarudishwa kwa basi."

"Kila mtuhumiwa hakuwemo," alisema Mkuu. "Tangu nianze kazi sijamkamata hata mmoja aliyekuwemo."

"Nani amekwenda mji wa viwanda kuuliza?"

Mkuu alizipanga upya karatasi za mezani.

"Ni mbali," alisema Mkuu.

"Ni safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja. Mkandarasi mwenyewe anasema aliifanya."

"Gari la kituo ni la kazi, Bi Nukta. Sina mafuta ya matembezi."

"Mtu amekufa na mwingine anakwenda kufungwa. Hayo ndiyo matembezi?"

"Punguza sauti, mafundi wanasikia."

"Na wasikie! Ukuta huo umejengwa kuzuia wezi wasiingie. Haukujengwa kuzuia maswali yasitoke."

Alilifunga faili bila sahihi, akalitia kwapani na kushuka ngazi za mahabusu.

Dereva aliitwa Kobe na kila aliyemfahamu, kwa sababu malori ya mchanga yalimpita mlimani huku yakimpigia honi za huruma. Alikuwa mtu mfupi mwenye nywele nyingi, na siku hiyo alikuwa amekaa juu ya sakafu tupu, mgongo ukutani.

"Bosi wako anasema ulikuwa unakimbiza gari," mpelelezi alianza.

"Mimi, Mama?" Kobe alicheka bila furaha. "Mimi abiria wananiuliza kama gari limezimika."

"Nieleze tena. Kwa nini alikurudisha kwa basi?"

"Alishinda zabuni. Wakubwa wenzake wakamwambia haondoki mtu bila kusherehekea. Akaniita pembeni: 'Kobe, wewe panda basi. Kesho asubuhi mpeleke Mama kliniki kwa gari dogo, usimcheleweshe. Hili kubwa nitakuja nalo mwenyewe.' Nikapanda basi. Asubuhi nikampeleka mama yake kliniki. Mchana bosi akaja kwa teksi, akasema gari liko gereji, taa imevunjika. Sikuuliza. Dereva hamuulizi bosi taa imevunjwa na nini."

"Mama yake nilimuuliza. Anakaa nyumba ya nyuma, hulala mapema, wala hajui mwanawe aliingia saa ngapi au siku gani. Amekubali neno moja tu, kwamba asubuhi ulimpeleka kliniki na ukamngoja mpaka alipomaliza."

"Sasa si ndiyo hiyo, Mama!"

"Hiyo ni asubuhi. Wewe unashtakiwa kwa jioni ya kabla yake. Tiketi ya basi unayo?"

"Nani anatunza tiketi akishafika? Lakini kondakta ana kitambi, na alinikalisha karibu na injini, nikaungua kama chapati—" Aliinuka, akazishika nondo. "Mama, mtoto wangu wa kwanza amemtuma mama yake aniulize kama kweli nilimwacha mtu anakufa nikaenda zangu. Jela nitakwenda, wengi wamekwenda wakarudi. Lakini hilo swali atajibiwa na nani?"

Mpelelezi hakumwahidi kitu. Alimwuliza vituo vya mafuta vilivyo njiani, vilima vinavyochelewesha malori, na mahali basi linapopakia abiria, kisha akaondoka.

Jioni hiyo safari ilipangwa katika baraza ya dada yake. Gari lililopatikana lilikuwa la shemeji yake, fundi saa mstaafu, aliyeliosha mara nyingi kuliko alivyoliendesha.

"Shemeji, hili gari linajua sokoni na msibani," alisema shemeji huku akilifuta boneti. "Mwendo wa mbali halijawahi kuambiwa."

"Basi liambie sasa. Alfajiri linaondoka."

Sajini aliitwa ili aendeshe. Alikuwa ndiye aliyemkamata Kobe, na alikuja akiwa na uso wa mtu aliyekatiziwa siku yake ya mapumziko. Mpelelezi alimpangia safari kama mtu anayepanga mtihani. Wangeondoka kabla malori hayajaanza kupanda vilima. Tangi lingejazwa mjini, kwa kuwa pampu ya katikati ya njia haikuwa ya kuaminika. Maji ya rejeta, tairi la akiba na jeki vingekaguliwa leo, si kesho. Wangekula garini. Mji wa viwanda wangefika mabasi yakiwa bado stendi, na wangeanza kurudi mapema alasiri.

"Kwa nini tusirudi jioni kukipoa, Afande?" aliuliza Sajini.

"Kwa sababu nataka kupita kwenye kibanda cha fundi pancha jua likiwa palepale Mkandarasi aliposema lilikuwa. Nataka kuona alichokiona dereva."

"Na tukibanwa na haja njiani?"

"Utakwenda kabla hatujaondoka."

Dada yake alicheka hata kikombe kikamwagika. "Sajini, mwenzako ndivyo alivyonilea, na mimi ndiye mkubwa!"

Alfajiri waliondoka. Mji ulipoisha, barabara kuu ilinyooka kuelekea upande wa machweo, na jua likachomoza nyuma yao. Sajini aliugeuza upande wa juu wa kioo cha kuangalia nyuma.

"Linanichoma macho hili," alilalamika.

Mpelelezi alikuwa akisoma faili. "Ulimkamata Kobe wapi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Nyumbani kwake."

"Mbele ya nani?"

"Ya mkewe, watoto, majirani. Uwanja ulijaa, Afande. Watu wakiona gari la polisi hawahitaji kualikwa."

"Ulimwambia nini?"

Sajini alibadilisha gia pasipohitajika. "Mkewe alikuwa anapiga kelele. Ikabidi nipaze sauti. Nikasema: 'Huyu ni muuaji, anaua watu anawaita mbuzi.'"

"Ulikuwa umeshathibitisha?"

"Mkuu alikuwa ameniambia."

"Sikukuuliza uliambiwa nini. Nimekuuliza ulithibitisha nini. Mahakama haijasema, mimi sijasema, wewe ukasema, uwanjani, watoto wakisikia! Hilo ni deni, Sajini, na wala hulioni." Alifungua ukurasa mwingine kwa nguvu hata ukachanika pembeni.

Walikipita kibanda cha fundi pancha kikiwa kimefungwa, kwa kuwa binti yake hufika adhuhuri, wakaingia mji wa viwanda kabla jua halijafika utosini.

Stendi ilikuwa na vumbi na moshi. Kondakta mwenye kitambi walimpata bila shida, akiwa amesimama mlangoni mwa basi lake akiwaita abiria.

"Kiti cha injini, siku ile? Namkumbuka sana!" alisema kondakta kabla swali halijakamilika. "Niandike mimi shahidi, Afande."

Sajini alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mpelelezi hakutabasamu.

"Mweleze alivyo."

"Mrefu hivi. Ana kipara. Mtu wa heshima."

"Mtu ninayemtafuta ni mfupi na ana nywele."

"Mfupi, ndiyo! Kwa kukaa lakini alionekana mrefu."

"Na kipara kilionekana kwa kukaa?"

Abiria wawili waliangua kicheko. Kondakta alijifuta jasho. "Mimi nataka kusaidia tu, Mama. Watu wanapanda kila siku, sura zote zimekuwa moja."

"Unayemsaidia kwa uongo unamfungia mlango. Ningekuandika, wakili angekuuliza swali hilohilo, na mtu angefungwa kwa msaada wako."

Hoteli ilipofanyika karamu ya zabuni ilikuwa na sakafu ing'aayo na meneja aliyeng'aa zaidi yake. Alisikiliza huku akiwa amesimama, ili nao wasikae.

"Mheshimiwa Mkandarasi ni mteja wetu wa siku nyingi," alisema. "Nani alilala, nani hakulala, hatutaji. Njooni na amri ya mahakama."

"Karamu ilikuwepo au haikuwepo?"

"Hapa karamu hazikosi, Mama."

"Fundi pancha amezikwa. Hilo nalo ni siri ya wateja?"

Meneja alitazama mlangoni, ishara ya kuwaonyesha njia. Amri ya mahakama ingehitaji siku ambazo Kobe hakuwa nazo. Nje, Sajini alilipiga teke jiwe.

"Kwa hiyo tumekuja kula mayai garini tukarudi," alisema.

"Washa gari."

Waliianza safari ya kurudi. Mchana uligeuka kuwa alasiri, na alasiri ikaanza kupoa. Walipokaribia eneo la kibanda, mpelelezi aliishusha kinga ya jua ya upande wake, akakaa wima na kungoja. Alitaka kujua ni wapi hasa jua lingeanza kumpiga dereva machoni, na lingemwachia hatua ngapi za kumwona mtu aliyesimama kando.

Alingoja. Kivuli cha gari kilikuwa kimewatangulia, kirefu, kikiteleza juu ya lami. Sajini alinyoosha mkono na kuusukuma tena upande wa juu wa kile kioo cha nyuma.

"Umekigeuza kwa nini?" mpelelezi aliuliza.

"Jua, Afande. Linanipiga kutoka nyuma."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi pia lilikuwa nyuma. Ndiyo uzuri wa hii njia. Madereva wanaokwenda kule asubuhi na kurudi jioni wanaipenda, jua liko mgongoni kwenda na kurudi. Kasoro ni kioo tu."

"Simamisha gari."

"Hapa?"

"Hapahapa!"

Alishuka kabla magurudumu hayajatulia. Alisimama katikati ya njia akitazama upande wa nyumbani. Barabara ilikuwa imenyooka kama rula tangu kilima walichokishuka hadi kibanda cha fundi pancha, ambacho sasa kilionekana mbele. Haikuwa na kona hata moja ya kumgeuza dereva akabiliane na machweo. Jua lilikuwa likimchoma kisogoni.

"Jua lilikuwa linazama, likampiga dereva machoni," alisema polepole. "Sajini, mtu arudiye mjini kwetu jioni anaweza kupigwa machoni na jua linalozama?"

Sajini aligeuka nyuma, akageuka mbele. "Labda awe anarudi kinyumenyume."

"Ni lini atapigwa machoni akiwa anarudi?"

Sajini alinyoosha kidole mbele, upande wa mjini. "Asubuhi. Akirudi asubuhi. Jua linachomoza kwetu."

"Mkandarasi hakulitunga jua lile. Aliliona. Lilimpiga yeye mwenyewe, akashusha kinga ya jua yeye mwenyewe. Akabadilisha siku, akabadilisha dereva, akasahau kuligeuza jua."

"Lakini, Afande, ya nini kuirudisha ajali nyuma hadi jioni? Angesema tu ni asubuhi, Kobe anaendesha."

"Asubuhi Kobe alikuwa wapi?"

Sajini alijipiga paji la uso. "Kliniki. Na mama yake!"

"Hakuwa na nafasi ya kumweka Kobe usukani isipokuwa jioni ya kabla. Aliyemtuma Kobe kliniki asubuhi ile ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chake." Mpelelezi alirudi garini na kuufunga mlango kwa kishindo ambacho shemeji yake asingekisamehe. "Lakini wakili atasema mteja wake alikosea maneno. Nahitaji kujua fundi alikuwa hai asubuhi. Twende kibandani."

Binti wa fundi pancha alikuwa ameketi juu ya tairi chakavu, akiziba mpira wa baiskeli. Tangu mazishi alikuwa akikifungua kibanda baada ya kazi za nyumbani. Alipowaona hakuinuka.

"Mmekuja kuniuliza tena jina na umri wa baba?" alisema. "Mliandika mkaenda."

"Pole, mwanangu," alisema mpelelezi, akavuta kigoda akaketi mbele yake. "Leo nitakuuliza kingine. Siku ile ulipomkuta, ulifanya nini kwanza?"

"Nilimpangusa uso. Damu ilikuwa imemwingia machoni." Alitazama pembeni. "Mnasema alilala pale usiku kucha. Silali siku hizi. Najiuliza kwa nini sikuja jioni ile. Adhuhuri namletea chakula, jioni siji, ndiyo kawaida yetu. Lakini siku ile moja ningekuja..."

"Ulimpangusa kwa maji gani?"

"Ya beseni. Hilo hapo."

Beseni lilikuwa miguuni pake. Kila fundi pancha huwa na beseni kama hilo. Huuzamisha mpira majini ili mapovu yamwonyeshe tundu. Maji yaliyokuwemo sasa yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa, na utando wa mpira ukielea juu.

"Yalikuwa kama haya?" mpelelezi aliuliza.

"Hapana. Ningempangusa baba kwa uchafu huu? Yalikuwa safi. Niliona hata chini ya beseni."

"Nani aliyaweka?"

"Yeye. Kila jioni anamwaga machafu akifunga, kila asubuhi akifungua anachota mapya bombani kule shuleni. Alikuwa anasema pancha ya kwanza lazima ipate maji meupe, ndipo siku..." Mkono wake ulisimama juu ya mpira wa baiskeli. Alilitazama beseni. Kisha akamtazama mpelelezi. "Asubuhi ile alikuwa amechota."

"Alikuwa amechota, na hajapata mteja hata mmoja."

"Kwa hiyo hakulala pale usiku."

"Hakulala pale, mwanangu. Alilala kitandani mwake, akaamka, akafungua kazi yake. Kuja kwako jioni kusingebadili kitu."

Binti alijifunika uso kwa mikono yenye gundi. Alipoifunua, macho yake yalikuwa makavu na makali. "Asubuhi watoto wote wako njiani kwenda shule! Zahanati iko palepale kilimani! Aliyemgonga angepiga honi tu, angepiga honi moja tu, watu wangetoka!"

Sajini alikuwa amevua kofia bila kuambiwa. Mpelelezi aliyaandika maneno ya binti, akamsomea, akampa atie sahihi.

Walifika mjini jua likiwa bado juu ya mapaa, na hawakupitia kituoni. Mkandarasi aliwapokea sebuleni, kwenye makochi mapana yenye vitambaa vyeupe. Mkewe alikuwa safarini. Mpelelezi aliomba mama yake aitwe kutoka nyumba ya nyuma.

"Mama ni mgonjwa. Msimsumbue."

"Nitauliza mbele yake au nitakuuliza kituoni. Chagua."

Mama mzee aliingia akijishikilia kwenye fimbo. Mpelelezi alisimama na kuinama kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini tena?"

"Nina maswali mawili kwa mwanao, na moja kwako." Alimgeukia Mkandarasi. "Ulisema jua lilimpiga dereva machoni, akashusha kinga ya jua. Bado unasema hivyo?"

"Nilisema, niliandika, nilitia sahihi. Sasa?"

"Una uhakika lilikuwa machoni? Si kisogoni wala pembeni?"

"Machoni! Lilikuwa linaniumiza hata mimi niliyekuwa nyuma. Maswali gani haya ya watoto?"

"Leo nimekwenda na kurudi njia ileile. Jioni jua liko mgongoni. Linampiga machoni anayerudi asubuhi."

Mkandarasi alicheka kidogo. "Mama, mimi ni mtu wa kazi nyingi. Labda nilichanganya. Wakili wangu atarekebisha neno moja."

"Nilijua utasema hivyo, ndiyo maana nikaenda kuliangalia beseni la marehemu. Maji yalikuwa mapya, ya asubuhi ile. Fundi alikuwa hai asubuhi. Mama, swali lako ndilo hili: asubuhi ile ulipokwenda kliniki, nani alikupeleka?"

"Nimeshakujibu juzi. Kobe. Alinishika mkono ngazi zote zile, akaningoja."

"Kwa hiyo asubuhi ile gari kubwa lilikuwa mikononi mwa nani?"

"Labda aliliiba," Mkandarasi alisema haraka. "Kobe. Labda alikuwa na mwenzake, sijui, hawa madereva—"

"Aliliiba huku amenishika mkono?" mama yake aliuliza.

Mama mzee aliigongesha fimbo sakafuni.

"Nakuuliza wewe. Mtu ananipandisha ngazi, ananiletea maji ya dawa, na wewe wakati huohuo unamtafutia kamba ya kumfungia? Nilikuzaa mimi au uliokotwa?"

"Mama, wewe huelewi. Nilikuwa nimekunywa usiku kucha. Ningesimama wangenipima pombe. Kampuni ingekwisha, zabuni ingekwenda. Kobe ningemwekea wakili, familia yake ningeitunza, angetoka baada ya muda—"

"Ulimgonga ukaona nini?" mpelelezi aliuliza.

"Nilimwona kwenye kioo. Amelala."

"Alikuwa anapumua?"

Mkandarasi alitazama kitambaa cha kochi.

"Mjibu," alisema mama yake.

"Sikuangalia."

Mzee aliketi taratibu, kana kwamba kiti kilikuwa mbali. "Mchukueni," alisema. "Mwondoeni mbele yangu kabla sijasema neno ambalo mzazi halisemi."

Kituoni, Mkuu alipomwona anayeingizwa aliinuka na kumvutia kiti.

"Huyo haketi hapo," alisema mpelelezi. "Chumba chake kiko chini, na Kobe anakitoka sasa hivi."

"Bi Nukta, tungesubiri kwanza mahakama iseme..."

"Uliposema faili limekamilika hukuisubiri. Limekamilika leo, na sahihi yangu ipo. Usipomtoa, kesho nitamweleza hakimu, mbele ya watu, ni nani aliyeninyima gari na ni nani anayekujengea ukuta."

Mkuu wa Kituo alichukua funguo mwenyewe.

Sajini ndiye aliyempeleka Kobe nyumbani, katika gari la shemeji. Mpelelezi alikaa kiti cha nyuma. Njiani Kobe alisema neno moja tu: "Sajini, gia ya pili hapo, utaichosha injini." Walipoingia uwanjani kwake watu walianza kutoka milangoni, kwa kuwa gari geni nalo halihitaji mwaliko. Mke wa Kobe alisimama kizingitini, mtoto wao mkubwa akiwa nyuma yake, hajui kama akimbilie mbele au arudi ndani.

Mpelelezi hakushuka. Sajini alizima injini, akatoka, akaifungua milango yote kana kwamba anatafuta kitu. Kisha akatembea hadi katikati ya uwanja, akavua kofia.

"Jamani, siku ile nilisema hapa kwamba huyu ni muuaji," alisema. "Nilisema uongo. Sikuwa nimethibitisha. Huyu hakumgonga mtu, hakumwacha mtu. Wakati mtu anagongwa yeye alikuwa anamsaidia mama mgonjwa kupanda ngazi. Aliyekiri kumgonga tumemkamata. Mimi nilimwaibisha bure mbele ya mkewe na watoto wake, na ninamwomba radhi hapahapa nilipomwaibisha."

Mtoto mkubwa alikuwa amekwisha kutoka nyuma ya mama yake.

Kobe alijikuna kidevu. "Siku ile ulipaza sauti zaidi," alisema. "Nyumba ile ya mwisho, kuna bibi, masikio yake ni mazito. Ulimfikia."

Watu wakacheka. Sajini hakucheka. Alijaza pumzi, akageukia nyumba ya mwisho, akaanza tena tangu mwanzo.